Wimbo wa Mrenda

Karisa alinipigia simu Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa katika ofisi ya walimu nasahihisha insha. Hakusalimu. Alisema Kocha Katana amefariki alfajiri ile, kwamba hakuumwa, alilala tu na hakuamka, na kwamba maziko yatakuwa Jumamosi, kwao Ribe. Nikaweka kalamu chini. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ya chini ambayo haijabadilika tangu tulipokuwa watoto, "Na wewe utaimba." Nikadhani anasema nyimbo za kanisani, nikamuuliza anataka upi. "Ule wako," akanijibu. Nikamwambia hapana, ule niliapa sitauimba tena maisha yangu, na yeye alikuwepo nilipoapa. Akasema hajasahau, tutaonana Jumamosi. Nilibaki nimeishika simu mkononi mpaka mwalimu mwenzangu akaniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu.

Karisa huyu leo anafundisha makipa wadogo kule Bofu, Likoni, na akina mama wa huko humwamini na watoto wao kuliko wanavyomwamini daktari. Zamani, tulipokuwa na miaka kumi na mitano, alikuwa kipa wa Chipukizi, timu ya vijana wa Frere Town, nami nilikuwa shabiki wa timu hiyo. Nikisema shabiki sina maana ya mtu anayepita uwanjani akasimama kidogo. Nilikuwa shabiki sugu, wa mvua na jua, mwenye sauti iliyosikika mpaka Kongowea, na mwenye kayamba, lile bapa la mabua lililotiwa mbegu ndani, ambalo nililitikisa mpaka viganja vikachubuka. Na mwaka ule, kwa mdomo wangu mwenyewe, nusura nimmalize Karisa. Sikumkusudia ubaya. Nilikuwa nampenda, kama shabiki anavyompenda kipa wake, na labda zaidi kidogo, lakini hayo tuyaache.

Kila Jumapili baada ya ibada tulikula haraka haraka, tukabadilisha viatu, tukakimbilia uwanjani. Milingoti ya goli ilikuwa ya boriti, na upande wa chini wa uwanja ulikuwa na shimo ambalo wenyeji tulilijua na wageni walilijua baadaye. Mimi na wasichana wenzangu tulikuwa na mahali petu, nyuma ya goli la Karisa, na kazi yetu ilikuwa kuimba, kutikisa kayamba, na kuwaambia wachezaji la kufanya. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Ndivyo ilivyokuwa desturi yetu: mchezaji akifanya vizuri alitungiwa wimbo, akivurunda alitungiwa pia, na mtunzi alikuwa mimi. Mwezi wa tatu tulicheza na vijana wa Junda. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha, hakuna aliyekuwa amefunga, na mchezo ulikuwa unaelekea kwisha. Ukaja mpira wa juu kutoka upande wa kulia. Sote tulikuwa tunapiga kelele, kila mtu na yake. Karisa akatoka mstarini hatua mbili, akaruka, mpira ukamgusa vidoleni, ukateleza, ukaanguka nyuma yake, ukaingia. Tukafungwa bao moja, nyumbani kwetu, na watu wa Junda, ambao hata njia ya kwao tulikuwa tunaikataa kuwa ni njia.

Nilirudi nyumbani na hasira. Shangazi yangu, niliyekuwa nakaa kwake, alikuwa amepika sima na mrenda. Naikumbuka meza ile: kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda, bakuli la mboga katikati, na taa iliyoning'inia chini mno hata mtu mrefu aliigonga kwa kichwa. Nikachovya tonge, mrenda ukavutika kutoka bakulini mpaka kidoleni, ukakataa kukatika, na hapo hapo wimbo ukanijia wote mzima:

Karisa kala mrenda,
mikono yamteleza,
mpira wamwamkia,
waaga, wajiendea.

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia niurudie, nikaurudia na kayamba. Siku ya pili nikawafundisha wasichana wawili penye bomba la maji, na kufika Jumatano wimbo haukuwa wangu tena. Akina mama waliuimba wakipanga ndoo. Watoto waliurukia kamba. Fundi wa baiskeli aliupiga mluzi. Sitadanganya, nilijisikia msanii. Nilipita kwenye vichochoro nikisikia maneno yangu yakitoka madirishani, nikawa natembea polepole ili niyasikie yote.

Alhamisi ya wiki ile ile nilisikia pale bombani mazungumzo ambayo hayakuwa yangu. Mama mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwamba mtoto wa muuza mahamri hajatoka kucheza siku tatu, kwamba hata shule anakwenda kwa kulazimishwa na anapita njia ya nyuma. Mwenzake akasema ni wimbo, maskini, na kinachomuuma zaidi ni kwamba dadake mdogo, wa miaka minne, anauimba nyumbani wakati wa kula, hajui kwamba Karisa wa wimboni ndiye huyu kaka yake aliyekaa naye mkekani. Kisha yule mama akainua ndoo yake, akaondoka, na kabla hajafika kona nikamsikia anaupiga kwa pua. Nilitaka kumfuata nimwambie anyamaze. Lakini ningemwambia nani na nimwache nani? Mtaa mzima ulikuwa unaimba.

Jumamosi jioni Kocha Katana akabisha hodi kwa Shangazi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, wa miaka arobaini hivi, aliyefanya kazi katika kiwanda kimoja Changamwe. Kazi yake huko ilikuwa kusimama na kutazama mabati yakipita mbele yake, akiyatoa yenye dosari. Kutwa nzima alikuwa akitazama. Saa nane alimaliza zamu, saa kumi alikuwa uwanjani na watoto wa watu, na hakuna aliyewahi kumlipa kwa hilo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akainama taa isimgonge japo kwa ufupi wake isingemfikia, akakaa. Shangazi akamletea chai ya tangawizi. Nilijua amekuja kunigombeza, na nilikuwa nimejiandaa kulia. Badala yake akaweka kikombe chini akasema, "Mbeyu, nasikia una wimbo. Hebu niimbie."

Nikamwambia naona haya. Akasema yeye atangoja. Basi nikaimba, peke yangu, bila kayamba, bila wenzangu, katika chumba kile chenye watu watatu. Mtu asidhani wimbo ni ule ule popote unapoimbwa. Penye bomba ulikuwa mzaha, lakini pale mbele ya mtu mzima anayesikiliza kwa makini kama anasikiliza somo kanisani, kila neno lilitoka likiwa uchi. Sauti yangu ikawa inapungua mpaka mstari wa mwisho nikausema tu. Kocha akatikisa kichwa kwa kuridhika, na nina hakika hakuwa ananidhihaki. "Ni mzuri," akasema. "Umeona mikono yake. Na miguu yake je? Ilikuwa wapi?" Sikuwa nimeitazama miguu ya Karisa, wala ya kipa yeyote, maishani mwangu. "Basi Jumatatu njoo saa kumi, na daftari," akasema, akamalizia chai yake, akamshukuru Shangazi, akaenda zake. Shangazi akaniambia nimepona. Mimi nilijua sijapona.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mazoezi ya Chipukizi, msichana peke yake, nimekaa nyuma ya goli na daftari la kurasa tisini na sita. Sheria ilikuwa moja: niandike nilichokiona, nisiandike ninachokifikiria. Siku ya kwanza niliandika "Safari ni mvivu." Safari alikuwa mtoto mnene, mcheshi, aliyewekwa golini badala ya Karisa, na hakupenda hata kidogo. Kocha akasoma, akaniuliza, "Uvivu uliuona wapi?" Nikafikiri. Nikafuta, nikaandika kwamba mpira ukiwa mbali Safari anaweka mikono kiunoni. Akasema hilo sasa anaweza kulifanyia kazi. Huyo ndiye alikuwa Katana. Sikuwahi kumsikia akimpigia kelele mtoto. Alikaa juu ya mtungi wa plastiki alioupindua, taulo begani, na mtoto akikosea alimwita karibu na kumuuliza lile lile alilowauliza wote: "Uliona nini?" Mtoto akijibu "sikuona," anarudishwa kutazama. Akijibu alichoona, Kocha anamuuliza la pili: "Na sasa utafanyaje?" Mimi nimefundisha darasani miaka ishirini na mitano, nimekaa kwenye semina nyingi za mbinu za kufundisha, na sijaona mbinu inayoyapita maswali yale mawili.

Wiki zikapita, Karisa haonekani. Nikamuuliza Kocha kwa nini haendi kumchukua. Alikuwa anafunga kamba za kiatu cha mtoto mmoja, akanijibu bila kuinuka: "Nikimwendea mimi, atarudi kwa kuniheshimu. Nataka kipa, Mbeyu. Sitaki mtoto mwenye adabu tu." Niliona ni ukatili. Nilidhani amemsahau. Lakini Ijumaa moja, masika yakiwa yameanza kupungua, aliwaambia vijana wairudie ile dakika ya bao la Junda, kila mtu asimame pale pale alipokuwa. Hilo lilikuwa jambo lake, alipenda kulirudisha kosa uwanjani, polepole, kwa miguu. Wakajipanga wakibishana, huyu anasema ulikuwa hapa, yule anasema hapa hapana. Safari hakuthubutu kusimama mahali pa Karisa, kwa hivyo Kocha akavua taulo lake akalitandika mstarini. Akauliza mpira ulipopigwa kipa alikuwa wapi. Wakasema hapo kwenye taulo. Akauliza angekaa hapo ingekuwaje. Beki wa kati akatazama, akasema angeudaka, ungemfikia kifuani. "Na kwa nini alitoka?"

Kisha yule beki akasema, "Aliambiwa toka, Kocha. Kuna mtu alipiga kelele: toka, toka." Kocha akauliza ni nani. Beki akasema hakugeuka kutazama, ila sauti ilitoka nyuma ya goli. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya goli. Nilikuwa nimekaa pale pale nilipokuwa nimesimama siku ile, na daftari mapajani, na hapo ndipo niliposikia sauti yangu mwenyewe, wiki saba baadaye, ikisema toka. Niliona mpira, nikaona niko nyuma ya goli na najua kila kitu, nikamwamuru. Akatoka. Nikaenda nyumbani nikala mrenda, nikatunga wimbo juu ya mikono yake. Kocha hakunitazama hata kidogo. Aliliokota taulo akalikung'uta, akaniuliza, "Umeandika?" Nikasema nimeandika. Maneno yale, "aliambiwa toka," ninayo mpaka leo kwenye daftari lile, na mwandiko umepinda. Watoto walipotawanyika alinipita, akasema kwa upole, "Hawa wanakusikia wewe kuliko wanavyonisikia mimi. Ulikuwa hujui." Na kweli nilikuwa sijui. Nina imani alijua yeye tangu Jumapili ile ile, na aliniacha wiki saba mpaka nikaona kwa macho yangu. Kama angeniambia siku ile ya chai, ningebisha.

Kesho yake nilikwenda kwa kina Karisa. Walikuwa na vyumba viwili, na cha mbele kilinukia iliki na mafuta kwa sababu mamake alikuwa anachoma mahamri ya jioni. Alikuwa ananifahamu, na alijua nimefanya nini. Alinikaribisha kitini, akanipakulia mbaazi za nazi na mahamri mawili, akasema, "Kula, mwanangu. Mwenye sauti kama yako hafai kushinda njaa." Hakusema kwa ukali. Yule mtoto wa miaka minne alinijia akaniegemea magoti, na mimi nikawa natafuna hamri lisilomezeka. Karisa akatoka chumba cha ndani, akakaa kwenye kigoda. Alikuwa amekonda.

"Kocha ndiye amekutuma?" akauliza.

Nikasema hapana.

"Haya, sema."

"Siku ile na Junda, aliyekwambia toka ni mimi."

Akatazama sakafu. "Najua," akasema. "Walikuwa wanapiga makelele wote, lakini yako naijua. Nilitoka kwa sababu ni wewe. Nilidhani waona nisichokiona."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, mtaa mzima ukimcheka, kwa nini hakusema ni huyu Mbeyu. Akainua mabega. "Ningesema nini? Mpira si uliingia." Hapo nililia, mbele ya mamake na dadake na sahani ya mbaazi. Nikaapa, mkono juu, kwamba wimbo ule hautatoka tena kinywani mwangu maisha yangu yote, na kwamba sitamwambia tena mchezaji yeyote toka wala kaa. Karisa akasema si lazima kuapa. Nikasema nimeshaapa. Mamake, bila kugeuka kutoka kwenye karai, akamwambia viatu vyake vya mpira viko uvunguni, na kwamba panya wameshaanza kuvitazama. Jumatatu, saa kumi kasoro dakika chache, Karisa alikuja uwanjani kwa njia ya mbele.

Nilitegemea Kocha atamkumbatia, au atatoa hotuba. Alimuuliza tu kama amekula, akamwonyesha goli. Lakini Jumatano alikuja na sufuria kubwa kichwani, na nyuma yake mkewe akilalamika kwamba mboga ni kitu cha kuliwa. Ndani ulikuwa mrenda, uliopikwa ukaiva mpaka ukawa gundi. Kocha akaweka sufuria katikati ya uwanja, akawaambia wote, mabeki na washambuliaji, wachovye mikono mpaka kwenye vifundo, kisha akaanza kuwarushia mpira mmoja mmoja. Hakuna aliyeudaka. Safari aliukumbatia ukamtoka kwapani. Beki wa kati aliupiga ngumi ukarudi usoni. Watoto wakaanza kucheka, na Safari, mchokozi yule, akauanza wimbo, akatia jina la beki. Akatiwa na yeye la kwake. Wakaenda hivyo, kila aliyeangusha anaimbiwa, mpaka mmoja akasema bado Kocha. Kocha akavua saa, akachovya, akasimama golini. Aliyeurusha mpira alikuwa Karisa. Ukamponyoka Kocha, ukapita katikati ya miguu yake, na timu nzima ikaangua: "Katana kala mrenda." Mimi nilikuwa nimelishika kayamba, sikulitikisa, na mdomo nimeufunga kwa kiapo changu, ila machozi ya kicheko yalinitoka. Kocha akajipangusa kwa taulo, akauliza, "Haya, mmeona nini?" Karisa ndiye aliyejibu, neno la kwanza refu tangu arudi. Akasema ameona kwamba mikono peke yake itateleza tu, ya mtu yeyote, kwa hivyo kifua lazima kije nyuma ya mpira. Wakafanya hivyo, kifua nyuma ya mpira, na mrenda ule ule mikononi, na mpira ukawa unadakika. Kuanzia siku ile wimbo haukumuuma tena, kwa sababu ulikuwa wa wote.

Mwezi wa nane tulivuka feri kwenda kucheza na Bofu. Nilikuwa nyuma ya goli, daftari mkononi, na kipindi cha pili mashabiki wa Bofu wakaja wakasimama kando yangu. Wimbo ulikuwa umevuka feri kabla yetu. Wakaanza: Karisa kala mrenda. Waliuimba vizuri kuliko sisi, na ngoma juu. Nilimtazama Karisa mgongo. Niliona shingo yake ikikakamaa, kisha nikaona, naapa niliona, mabega yakitikisika kidogo kwa kicheko. Tulikuwa nyuma bao moja, la penalti. Wakati huo huo ukapigwa mpira wa juu kutoka kulia, ule ule, utadhani waliukunja Frere Town wakaja nao. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kupiga kelele. Nilijua la kufanya, nilikuwa na uhakika kabisa: akae. Nikaiuma ncha ya kanga yangu. Karisa akatazama, akatazama tena, akatoka. Alitoka hatua nne, akaruka, kifua nyuma ya mpira, akaanguka nao na akabaki ameukumbatia pale chini. Kama ningemwambia akae na akanisikia, lingekuwa bao la pili. Wale wa Bofu wakaukatiza wimbo katikati. Mmoja wao, mzee mwenye kofia, akapiga makofi.

Tulifungwa bao lile lile moja. Nalisema kwa sababu watu hupenda nikimaliza kisa hiki niseme tulishinda. Tulifungwa, tukarudi kwenye feri tukila viazi vya karai kwenye karatasi, na Karisa alisimama penye chuma cha ukingoni, kichwa juu, akipigwa na upepo. Kocha akaja akasimama karibu yangu. "Uliona nini?" Nikamwambia niliona kwamba mimi ningekosea. Akacheka, akaninyang'anya kiazi kimoja.

Siku hizi watu hukaa kwenye vibanda vya video wakawafokea wachezaji wa Ulaya wanaocheza kwenye runinga, na hilo halina madhara kwa kuwa hawasikilizwi. Ninachokiogopa ni viwanja vya watoto. Wazazi wamejipanga mstarini na simu zao, kila mmoja kocha, na katikati yao mtoto wa miaka kumi anageuza shingo huku na huku akitafuta ni sauti gani aipe miguu yake. Ninapoyaona hayo namkumbuka mtu aliyekaa juu ya mtungi wa plastiki, kimya, akitazama. Nimewahi kukaa na wasomi na wakubwa, na sijamwona mtu aliyewaheshimu watoto namna ile, akawaachia makosa yao wayatazame wenyewe mpaka wayaelewe.

Jumamosi Ribe palijaa. Walikuja wanaume wenye mvi niliowajua wakiwa na kaptula, Safari akiwa amekonda jamani, na Karisa na makipa wake wadogo kumi na wawili kutoka Bofu, wote wamevaa glavu, wamepanga mstari kando ya kaburi. Mimi nilikwenda moja kwa moja jikoni. Nilijipa kazi ya kukuna nazi, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi nyuma ya ukuta wa makuti, mgongo kwa watu. Kayamba nililibeba, sijui kwa nini, na nililiegemeza ukutani. Kutoka pale niliwasikia wote wakizungumza. Mchungaji alisema maneno mazuri. Karisa akaitwa, akasimulia kwa sauti yake ya chini habari ya sufuria la mrenda, na wazee wazima wakacheka huku wanalia. Kisha akasema kuna wimbo wa Kocha, na mtunzi wake yuko hapa. Nikaongeza kasi ya kukuna. Mama mmoja jikoni akaninong'oneza si ni wewe unayetakwa, nikamwambia niliapa, nikainama zaidi.

Nilidhani atakuja kunibembeleza. Hakuja. Alisimama pale pale penye kaburi, na mtu yule ambaye miaka yote sijamsikia akiinua sauti, si golini, si nyumbani kwake, akaita kwa nguvu zake zote, hata kuku wakatawanyika uani:

"Mbeyu, toka!"

Nikaweka kifuu chini. Nikajipangusa mikono kwa kanga, nikalichukua kayamba, nikatoka. Nilitoka kwa sababu ni yeye.